Devoir ya mutoto isigeuke mutihani wa lupango

Vijana wenzetu wa Dilala na Manika, ndugu na dada wa Luilu, wa Kapata, wa Fungurume, na ninyi mulioko mbali ambao mungali munafuata habari za kwetu,

Leo hatuandike juu ya barabara wala juu ya peaji. Tunaandika juu ya kaye ya mutoto. Tunajua kuko watakaocheka: "Inchi iko na vita kule Mashariki, nyie muko na madevoir?" Ndiyo, tuko na madevoir. Wale watoto njo watakuwa vijana wa hii muji kisha miaka kumi, na kile kinachowakatisha tamaa usiku ndani ya lupango ni jambo la wanainchi wote.

Tuanze na lupango moja ya Kanina, saa moja ya usiku. Mutoto wa darasa la tano amekaa juu ya bidon, kaye juu ya magoti, telefone ya mama yake ameibana katikati ya shavu na bega ili taa yake iangazie ukurasa. Batri imebaki kidogo sana. Mama anaingoja ile telefone, kwa sababu papa anaweza kupiga kutoka kazini. Devoir inasema: andika vitenzi kumi katika passé simple. Hakuna mutu ndani ya ile lupango ambaye amewahi kusema passé simple maishani mwake. Basi mutoto anatoka, anavuka barabara, anaenda kwa yaya mumoja mwenye kuuza inite chini ya parasoli. Yule yaya ana diploma ya Leta. Anaomba franka mia tano, anaandika vitenzi vyote kumi kwa dakika tatu. Kesho yake mutoto anapata kumi juu ya kumi. Rafiki yake wa benchi moja, ambaye alikosa zile mia tano, anapata mbili, na anapigishwa magoti mbele ya wenzake.

Hii habari hatukuisikia kwa watu. Kati yetu kuko mumoja ambaye alikuwa yule yaya wa inite. Anasema wakati wa masomo madevoir ilimuletea makuta kuliko inite yenyewe.

Sasa mwalimu amepima nini hapo? Amepima kama ku lupango kuko telefone, kama kuko mia tano, kama ngambo ya barabara kuko mutu mwenye diploma. Akili ya wale watoto wawili hakuigusa. Lakini ile kumi na ile mbili zinaingia katika bulletin, na mwisho wa mwaka zinasema nani apande na nani arudilie darasa.

Ndiyo maana tunasema: ku shule ya musingi, madevoir ipunguzwe, na ile itakayobaki isihesabiwe pointi.

Kabla ya wakubwa kukasirika, tujibu neno moja tunalolisikia kila mara: "Sisi tulisoma na buji, na tukafika." Wakubwa wetu, tunawaheshimu, na wamoja wenu mulisoma kweli na buji. Lakini fikirini wale muliokaa nao benchi moja darasa la tatu. Wale wengine wako wapi? Mwenye kufika njo anaelezea namna alivyofika. Mwenye kubaki njiani haitwe ku konferanse.

Umeme kwanza, kwa sababu hapo aibu iko kubwa. Kolwezi haikosi umeme sawa vile kijiji cha porini kinavyoukosa. Laini ya Inga, iliyoanza kazi mwaka 1982 kisha kuvuka inchi kwa urefu wa kilomita karibu 1,700, inaishia hapa kwetu. Ilipita juu ya vijiji vingi bila kuviachia hata balbu moja, kwa sababu ilijengwa kwa ajili ya migodi ya mukuba. Na mbele yake, katika miaka ya 1950, Wabelgiji walikuwa wamekwisha kujenga mabwawa ya Nzilo na Nseke juu ya mto Lualaba, si mbali na sisi, vilevile kwa ajili ya migodi. Tangu tulipozaliwa tunaona pilone zinapita juu ya vichwa vyetu. Inchi nzima, ni karibu mutu mumoja tu kati ya watano mwenye kuwa na umeme nyumbani. Na mwenye kuhesabiwa kwamba anao, anajua maana yake: unakuja saa sita ya usiku, unaenda saa kumi ya asubui. Kabini ikiungua, watu wa avenue wanachanga pesa wao wenyewe, wanangoja juma mbili, tatu. Mwalimu anayeandika ubaoni "devoir ya kesho" anajua hiyo yote, maana kwake pia kuko giza.

Jua letu linatua saa kumi na mbili ya mangaribi na kitu. Wakati wa mvua, mawingu yanafunga hata mapema. Mutoto mwenye kusoma vakasio ya nyuma ya saa sita anatoka darasani jua likiwa limekwisha kuchoka. Anatembea. Anafika. Kisha?

Kisha kuko maji. Kuko bidon tatu za kupanga foleni ku foraji. Kuko mudogo wa kubeba mugongoni mpaka mama arudi ku soko, kuko bitumbula za kuuza mbele ya mulango, kuko makala ya kuwasha na bukari ya kusonga. Musichana anafanya hiyo yote na kaka yake anafanya nusu yake, mutusamehe kaka zetu, ni kweli. Hesabu saa zake, utaona kwamba mutoto wa kike wa darasa la ine anaanza devoir yake wakati mutoto wa bosi amekwisha kulala.

Na kuko karieri. Hapa hatuwezi kusema kwa sauti ndogo. Mwaka 2014 watu wa Kasulo waligundua kobalti chini ya manyumba yao, na wakaanza kuchimba ndani ya lupango, hata ndani ya vyumba. Ripoti ya Amnesty International ya mwaka 2016 ilieleza yale ambayo sisi tulikuwa tunayaona kila siku: watoto wenye kuokota, kupepeta na kuosha mawe, na kati yao wale wenye kusoma pia, ambao walikuwa wanafanya ile kazi mbele ya masomo, kisha masomo, na siku za mapumziko kutoka asubui mpaka mangaribi. Inchi yetu inatoa karibu sehemu saba juu ya kumi za kobalti ya dunia, na nyingi yake inatoka hapa Lualaba. Ile kobalti inaingia katika batri ya telefone. Yule mutoto wa Kanina anasoma kwa taa ya kitu ambacho labda kilianzia katika mufuko aliobeba mukubwa wake, na bado batri inamuzimikia katikati ya sentensi.

Twende ku lugha. Katiba inataja lugha ine za taifa, na Kiswahili ni moja yake. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inazitambua kuwa lugha za kufundishia. Lakini devoir inakuja ku nyumba katika Kifaransa, na Kifaransa cha kitabu, kile ambacho hata wabunge wetu wakisimama wanakitafuta. Mama mwenye kujua hesabu ya soko vizuri sana, mwenye kugawanya gunia ya unga kwa meka na kupata faida bila kalamu, anaangalia "problème" ya mutoto wake na anasema: "Mi sijue, mwanangu." Anajua! Ile hesabu anaifanya kila asubui. Lugha tu njo imemufungia mulango. Na kila jioni mutoto anajifunza somo moja ambalo haliko katika programu: kwamba mama yake hajui kitu. Hiyo inatuuma kuliko zile pointi.

Pesa sasa. Katiba ya 2006, kipengele cha 43, inasema shule ya musingi ya Leta ni ya lazima na ni ya bure. Tulingoja miaka kumi na tatu. Ni Septemba 2019 njo ile bure ilianza kuonekana kweli, na mamilioni ya watoto wakaingia darasani. Tulifurahi, na tungali tunaitetea. Lakini ile pesa iliyofukuzwa ku mulango imerudi ku dirisha. Ku shule moja ambayo hatutaitaja, kila devoir inatoka katika karatasi ya fotokopi, na ile karatasi inauzwa darasani. Mwenye kukosa anainakili kwa mukono kutoka kwa rafiki, kama rafiki anakubali. Kuko pia ile ya "enda tafuta ku intaneti". Mutoto wa miaka kumi atafutie wapi? Anaenda ku sibere, analipa, wanamutolea ukurasa mbili ambazo hajasoma, anazibandika ndani ya kaye. Vu. Asante.

Hatuandike hii kwa kupiga walimu. Tulienda kuongea nao. Mumoja alituambia: "Niko na batoto makumi sita na nane ndani ya darasa. Nikikosoa kaye yote sawa vile inapashwa, nitalala saa ngapi? Naweka vu na biki nyekundu, basi." Ana haki. Tangu 2019 madarasa yamejaa lakini benchi hazikuongezeka sawasawa, na mushahara kila mutu anajua. Lakini ndugu mwalimu, kama devoir haikosolewi, kama mutoto hajue wapi alikosea, ile devoir ilikuwa ya nani? Mwalimu mwingine alikuwa wazi zaidi. Alisema anatoa madevoir mingi kwa sababu wazazi wanapenda: wakiona kaye haina kitu wanasema shule ni ya ovyo, wanapeleka mutoto kwingine.

Na hapo tunafika kwa mama mumoja wa Kasulo, ambaye alituzima midomo. Tulipomueleza kampeni yetu, alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Nyie vijana, muniachie ile devoir ya mutoto. Akikosa kitu ya kufanya ku nyumba, karieri njo ile pale, nyuma ya lupango. Devoir njo inamukalisha chini."

Tulirudi kimya. Tulibishana juu ya lile neno siku mbili katika grupe yetu ya WhatsApp, na wamoja wetu walitaka tuache habari hii kabisa. Maana mama ana haki katika kile anachokiogopa. Yeye haombe passé simple. Anaomba kitu cha kumushika mutoto kutoka saa saba mpaka usiku, na katika hii muji hakuna kingine: hakuna maktaba ya kartie, hakuna uwanja ambao haujauzwa, na shule yenyewe inafunga mulango kwa kundi la asubui ili kundi la pili liingie. Sisi tunasema ile kazi ya kumushika mutoto haipashwe kubebwa na ukurasa moja ya kaye. Na tena, devoir inamushika yule tu mwenye kuiweza. Mwenye kuishindwa, mwenye kupigishwa magoti kila asubui, huyo devoir njo inamusukuma ku karieri. Kule angalau mawe yake yanapimwa ku kilo kama ya mutu mwingine yeyote. (Tunajua, hata ku kilo wanaibiwa. Hiyo ni habari ya siku ingine.)

Kwa wale wanaopenda kusikia namna wengine wanafanya: shule zetu tulizirizi kwa Wabelgiji, pamoja na bulletin, pamoja na enspekta. Lakini Wabelgiji wenyewe wamekwisha kubadilisha. Upande wao wa Kifaransa uko na sheria ya mwaka 2001 juu ya kazi za nyumbani: darasa la kwanza na la pili, hakuna, la tatu na la ine, dakika ishirini kwa siku, la tano na la sita, dakika makumi tatu. Na sheria inaongeza mambo mawili ambayo tungependa kuyaandika ku ukuta wa kila shule ya Kolwezi: mutoto aweze kuifanya bila musaada wa mukubwa, na isitolewe pointi. Ufaransa ilikataza madevoir ya kuandika ku shule ya musingi tangu Desemba 1956. Hata kama walimu wengi kule hawaifuate, sheria iko. Sisi tulichukua passé simple yao tukaacha hii.

Watu wa elimu wamekwisha kuchunguza pia. Harris Cooper, mwalimu wa chuo kikuu cha Duke kule Marekani, alikusanya utafiti mwingi mwaka 2006, akaona kwamba kwa wanafunzi wa sekondari devoir inaendana na matokeo mazuri, lakini kwa watoto wadogo faida yake ni haba. Na OECD, ambayo ni muungano wa inchi tajiri, iliandika mwaka 2014 kwamba hata kule kwao mutoto wa tajiri anatumia saa nyingi kwa madevoir kuliko mutoto wa masikini, na kwamba hiyo inaweza kuongeza tofauti kati yao. Kule kwenye umeme saa yote. Fikiria Kanina.

Basi tunachoomba ni hiki. Kwa darasa la kwanza na la pili, hakuna devoir ya kuandika. Kutoka la tatu mpaka la sita, iwe fupi, mutoto aweze kuimaliza yeye peke yake kabla ya giza, bila telefone na bila karatasi ya kununua. Isiingie ku bulletin. Isiwe sababu ya kupigishwa magoti. Na wakati mwingine iwe kitu ambacho ku nyumba wanakijua: ulizia mama namna anavyogawanya gunia, ulizia tate jina la kila kijito tunachovuka kufika Nzilo, kesho uje utueleze kwa Kiswahili. Wa kujitayarisha kwa ENAFEP na kwa Exetat, hao ni habari ingine. Finaliste anapaswa kusoma usiku, na hatutamudanganya.

Lakini yule wa darasa la sita na yule finaliste watasomea wapi? Hapo tunawageukia wenye kushika makuta. Kodi ya Migodi ya 2018 inasema: kwa kila ile redevance ya madini, nusu inaenda Kinshasa, asilimia 25 ku province, asilimia 15 ku muji, komini, sekta na sheferi pale madini yanapotolewa, na asilimia 10 ku mufuko wa vizazi vijavyo. Kobalti ilipandishwa kuwa madini ya strateji mwisho wa mwaka ule ule, na redevance yake ni asilimia 10. Tena kila kampuni inapashwa kuweka asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa mahali. Hatuombe kiwanda. Tunaomba sale moja kwa kila kartie, yenye meza, panneau ya jua juu ya bati, na mulinzi anayelipwa, iwe wazi kutoka saa nane ya nyuma ya saa sita mpaka saa mbili ya usiku. Parokia na makanisa yako na masale yanayolala bure kutoka Jumatatu mpaka Ijumaa. Wachungaji na mapadri, tunakuja kuwapigia hodi. Na vijana wenye diploma wenye kuuza inite chini ya parasoli wako, hawana kazi. Walipwe wao kusaidia watoto, kuliko mutoto kuwalipa mia tano gizani.

Meya na wabugumestere wa komini zetu mbili, tunawaomba mubandike ku mulango wa biro ni makuta ngapi ya ile asilimia 15 iliingia mwaka jana, na ngapi ilifika ku shule. Karatasi moja inatosha.

Na ninyi munaotusoma, tuko na kazi kwa ajili yenu juma hili. Kama ku nyumba kuko mudogo wa shule ya musingi, kaa naye jioni moja. Andika alianza devoir saa ngapi, alimaliza saa ngapi, alitumia taa gani, nani alimusaidia na aliomba makuta ngapi. Piga picha ya ukurasa, ututumie ku numero ya grupe mbele ya Jumapili. Jumatatu tutazihesabu pamoja, mulango wazi, na Jumanne tutazipeleka ku biro ya sous-division ya elimu. Mbele ya kutuma, funika jina la mutoto na jina la shule.